KUTENGENEZA NYUMBA UPYA: YAFAA KUCHAGUA VIFAA KWA AKILI

Hotuba kwa wenye nyumba wa mijini na mashambani



Watu wengi hujenga nyumba mara moja tu maishani, lakini nyumba hiyo hiyo huitengeneza mara nyingi. Bati hutoboka, mlango hulegea, ukuta hupasuka. Kisha mwaka mmoja mwenye nyumba hupata fedha kidogo, pengine kwa kuuza kahawa au ng'ombe, pengine kwa kuweka akiba ya mshahara, naye husema, "Mwaka huu nyumba itakuwa mpya." Basi huenda dukani. Humo huona rangi zinazong'aa, vitasa vinavyometameta kama dhahabu, na vigae vya sakafu vyenye maua. Akirudi nyumbani fedha zimekwisha, na bati lililotoboka lingali juu ya kichwa chake. Masika yakija, maji hupita katika tundu lile lile la zamani na kushuka juu ya rangi mpya.

Hasara hiyo si ndogo. Fedha zile zingeweza kulipa karo ya mtoto, na chumba chenye unyevu na ukungu humdhuru mtoto huyo huyo kifuani. Kwa hiyo yafaa kila mwenye nyumba ajue namna ya kuchagua kabla hajafungua mfuko.

Neno kuu la hotuba hii ni moja: kila sehemu ya nyumba ina adui wake, na kifaa huchaguliwa kwa kumtazama adui huyo. Adui wa paa ni mvua na jua. Adui wa msingi ni maji. Adui wa mbao ni mchwa. Adui wa chuma, hasa pwani, ni chumvi iliyomo hewani. Na adui wa kitasa, bawaba na bomba ni mikono ya watu inayovifungua na kuvifunga kila siku. Mwenye kununua kwa kutazama uzuri tu huwa amesahau vita vinavyokingoja kile alichokinunua.

PAA NDILO LA KWANZA

Kazi ya kutengeneza nyumba huanza juu. Ikiwa fedha hazitoshi ila kwa jambo moja, jambo hilo na liwe paa, kwa kuwa kila kitu kilicho chini huharibika paa likivuja.

Mabati huuzwa kwa geji, na watu wengi hudanganyika na hesabu yake. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 32 ni jembamba kuliko hayo mawili. Rangi iliyopakwa kiwandani haionyeshi unene: mabati mawili yenye wekundu ule ule yaweza kuwa tofauti kabisa. Basi mnunuzi aulize geji, atazame maandishi yaliyopigwa juu ya bati lenyewe, tena atafute alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Penye chumvi hewani, kama Mombasa, Kilifi na Lamu, bati lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki kwa kawaida hustahimili kutu kuliko lile lililopakwa zinki peke yake.

Misumari nayo isidharauliwe. Bati zuri likipigiliwa msumari usiokingwa na kutu, tundu la msumari ndilo litakalokuwa mlango wa maji. Inunuliwe misumari ya paa iliyopakwa zinki, yenye kifuniko cha mpira chini ya kichwa, nayo ipigwe juu ya mgongo wa bati, wala si bondeni ambako maji hupita.

MAJI YAENDAYO CHINI

Mtu akishaziba paa, na aulize maji yake yanakwenda wapi. Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10, ambayo yaweza kunyesha katika alasiri moja, hulimwagia paa hilo lita 480. Kama hakuna mifereji, ile ambayo mafundi huiita gata, maji hayo yote huanguka kando ya ukuta, huchimba udongo, na msingi hubaki wazi.

Basi gata na tangi ni ngao ya msingi, na tena ni kisima kilicho mlangoni. Mwenye nyumba ambaye fedha zake ni kidogo aweza kuanza na gata upande mmoja na pipa moja, kisha aongeze mwaka ujao. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yapite, maana huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi nalo liwe na kifuniko, mbu wasizaliane humo.

UKUTA WA ZAMANI NA SARUJI MPYA

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, nao hukosea kwa nia njema. Huamini kwamba saruji ni nguvu, na kwamba ukuta wowote ukipakwa saruji utakuwa imara.

Zitazameni nyumba za kale za Lamu, mji ambao mwaka 2001 uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikachukuliwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu, kisha huutoa tena polepole kupitia chokaa. Fundi akiufunika kwa lipu ngumu ya saruji, unyevu hukosa njia. Chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, saruji hubanduka vipande vipande, na chokaa ya ndani hugeuka unga. Ncha za boriti zilizomo ukutani nazo huanza kuoza. Dawa ya ukuta wa chokaa ni chokaa.

Jambo hilo hilo huonekana bara katika nyumba za udongo na fito. Udongo hutanuka ukilowa na kunywea ukikauka, na saruji haiwezi kuufuata mwendo huo. Kwa hiyo lipu nyembamba ya saruji iliyopigwa moja kwa moja juu ya udongo hupasuka, maji huingia katika nyufa, na mwishowe huanguka kama ganda. Anayetaka kutumia saruji hapo na apigilie kwanza waya wa wavu, nao ushike fito zilizo imara. La sivyo, udongo mzuri uliochanganywa vema na kusiribwa kila mwaka humfaa zaidi, maadamu paa limetokeza nje ya kutosha kuukinga.

Mahali saruji inapofaa, yaani kwa msingi, sakafu na kuta za mawe au matofali, mnunuzi na asome namba iliyo juu ya mfuko. Namba 32.5 hutumika kwa kujengea kuta na kupiga lipu. Namba 42.5 ina nguvu zaidi, nayo ndiyo hutakiwa kwa nguzo na dari za zege. Mfuko wa kilo 50 ulioshikana mabonge kwa unyevu usinunuliwe, hata bei ikishushwa. Rahisi huvunja upishi.

Mchanga pia una ubaya na uzuri wake. Mchanga wa ufuoni wa bahari una chumvi, na chumvi hula nondo zilizomo ndani ya zege. Mchanga wa mtoni hupimwa kwa chupa: tia mchanga, ongeza maji, tikisa, kisha uache utulie kwa saa kadha. Tabaka la matope likiwa nene juu ya mchanga, mchanga huo ni mchafu, wahitaji kuoshwa. Tena zege au lipu mpya imwagiwe maji kila siku kwa muda wa siku 7. Kazi hiyo haina gharama, lakini ikiachwa saruji hukauka kabla ya kupata nguvu yake.

MBAO, BAWABA NA VITASA

Mbao nzuri ni zile zilizokauka. Mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi hujipinda, na fundi hulaumiwa kwa kosa la mwuza mbao. Mvule na mninga ni mbao ngumu za sifa, lakini ni ghali, na miti hiyo si mingi tena. Mbao laini zaweza kudumu miaka mingi zikitiwa dawa ya mchwa kabla ya kupigiliwa, hasa kwenye ncha zilizokatwa na mahali zinapogusa ukuta au ardhi.

Bawaba na kitasa vipimwe kwa mkono. Bawaba nyembamba haiwezi kubeba mlango mzito. Mlango wa nje wataka bawaba tatu imara, zenye parafujo ndefu zinazofika ndani ya mti. Pwani, bawaba za shaba ya manjano, ingawa bei yake ni kubwa, haziliwi na chumvi kama zile za chuma kilichopakwa rangi.

Katika vifaa vyote vinavyoshikwa kwa mikono, kanuni bora ni hii: nunua kile ambacho kipuri chake chapatikana katika soko la karibu. Bomba la maji la mtindo wa ng'ambo laweza kuwa zuri sana, lakini mpira wake ukichakaa na usipatikane, bomba zima hutupwa. Bomba la shaba, zito mkononi, ambalo mpira wake wauzwa kwa bei ndogo, litatumika miaka mingi.

UMEME HAUNA MZAHA

Katika mambo ya umeme, kubana matumizi ni kuuita moto. Waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa, na wa 2.5 ni wa soketi. Kile kifaa cha bafuni kinachopasha maji papo hapo huvuta umeme mwingi, basi lazima kiwe na waya wake mnene na swichi yake peke yake. Waya wa ardhini usiachwe kamwe kwa kusema kwamba taa zinawaka bila huo. Taa zitawaka, lakini siku kifaa kitakapoharibika, atakayekigusa aweza kufa. Kazi hiyo ipewe fundi mwenye leseni, na leseni yake itazamwe kwa macho.

RANGI, NA HATARI ZILIZOFICHIKA

Rangi ni ya mwisho, wala si ya kwanza. Ikipakwa juu ya ukuta wenye unyevu itabanduka tu. Chokaa ya kupaka ni rahisi, hung'arisha chumba, na hufaa sana kwa kuta zinazohitaji kutoa unyevu.

Lakini rangi yaweza kuwa na sumu. Rangi nyingi za zamani, hasa za mafuta, zilitiwa madini ya risasi, ambayo huharibu akili ya mtoto hata yakiwa kidogo. Kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa kisichopitwa ni sehemu 90 katika milioni. Mnunuzi achague kopo linalosema wazi kwamba rangi haina risasi. Rangi kuukuu isikwanguliwe ikiwa kavu. Ilowanishwe kwanza, watoto wakae mbali, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa.

Hatari ya pili ni asibesto, mabati yale ya kijivu yaliyo mazito na yanayovunjika, ambayo yaliezeka majumba mengi zamani. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba kila namna ya asibesto huleta saratani. Mabati hayo yasikatwe, yasitobolewe, wala vipande vyake visitumiwe kuzungushia kuku au kujaza mashimo. Kuyaondoa ni kazi ya watu wenye kibali na mavazi ya kujikinga.

FEDHA NA FUNDI

Yafaa mwenye nyumba aizunguke nyumba yake wakati wa mvua, akiwa na karatasi na kalamu, aandike kila mahali maji yanapoingia. Karatasi hiyo ni mshauri mwema kuliko mwuza duka. Kisha apange kazi kwa utaratibu huu: paa, gata na msingi, kuta, milango na madirisha, bomba na umeme, na mwishoni rangi na mapambo. Sehemu moja katika kumi ya fedha zake aiweke kando, kwa kuwa ukuta ukifunguliwa huonyesha mambo ambayo hayakuonekana.

Mapatano na fundi yaandikwe: kazi gani, kwa vifaa gani, kwa shilingi ngapi, na malipo yatolewe kila sehemu ya kazi inapokwisha. Namba ya geji na namba ya saruji ziandikwe humo pia, ili pasiwe na ugomvi baadaye. Risiti zote zihifadhiwe.

Wako watakaosema kwamba mchagua nazi hupata koroma, na kwamba anayepima mno hajengi. Ni kweli kwamba hakuna kifaa kisicho na ila. Lakini anayemjua adui wa kila sehemu hahitaji kuchagua kwa muda mrefu. Huuliza maswali matatu tu: Kitu hiki kitapigana na nini? Kikiharibika, nani ataweza kukitengeneza? Na je, kilicho juu yake kimekwisha kuzibwa? Akishapata majibu, na anunue, hata kama ni bati moja tu mwaka huu na jingine mwaka ujao. Nyumba iliyotengenezwa kwa utaratibu huo yaweza kuchelewa kupendeza machoni pa wapita njia, lakini waliolala ndani yake usiku wa mvua watakuwa wakavu.