MAUMIVU YASIYOSEMWA

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mstaafu mbele ya mkutano wa watumishi, Musoma)



Wenzangu waliotangulia kusema katika mikutano yetu wamesema juu ya akiba, elimu ya watoto na kiinua mgongo, mambo ambayo mtu aweza kuyataja hata mbele ya mkwewe. Mimi leo nimechagua jambo la haya. Nataka kusema habari za maumivu ya ghafula ya tupu ya nyuma, yaani mwisho wa utumbo, mahali pa kutokea haja kubwa. Naomba radhi kwa wazee na akina mama waliopo, illakini sitaficha neno. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mimi nalificha, na kuficha kwangu kulimgharimu mtu mwingine kuliko kulivyonigharimu mimi.

Mwaka 2009 nalikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini Bunda. Usiku mmoja, yapata saa nane, naliamshwa na maumivu ambayo sijapata kuyaona maishani mwangu. Ilikuwa kama kwamba mtu amenichoma ndani kwa msumari wa moto, kisha akaushikilia usitoke. Sikuweza kulala, wala kuketi, wala kusimama sawasawa. Jasho likanitoka. Baada ya dakika kama kumi maumivu yakaondoka yote pia, nikabaki nikijiuliza kama nimeota. Asubuhi nalikwenda kazini nikaandika barua kama siku zote.

Yakapita majuma sita, yakarudi. Ikapita miezi mitatu, yakarudi tena. Sikumwambia mtu. Mwanamume mwenye cheo chake atasemaje mbele ya wenziwe kwamba anaumwa mahali hapo? Nalijua watakavyocheka, na wengine wangenidhania mambo mabaya. Basi nalikwenda kwa mwuza dawa mmoja jioni, wakati duka halina watu, nikasema kwa sauti ya chini, naye hakuniuliza zaidi, akaniuzia dawa ya bawasiri. Nalitumia, na miezi miwili sikuumwa. Nikamsifu sana. Mwezi wa tatu maumivu yakarudi kama kwamba hayakusikia habari za dawa ile.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mganga. Huyu alipokea mbuzi wawili na fedha, akatazama vyombo vyake, akasema: "Yuko mtu aketiye karibu nawe kazini. Anakitamani cheo chako. Ameweka mwiba katika kiti chako." Ndugu zangu, katika chumba chetu tulikuwa makarani wawili tu. Mwenzangu alikuwa mtu wa Butiama, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, na mwaka ule jina lake na langu yalikuwa yametajwa pamoja kwa kupandishwa cheo. Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Mganga alinipa dawa ya kufukiza, na miezi minne sikuumwa. Naliamini kabisa. Yaliporudi, nalisema: mwenzangu ameongeza mwiba. Kwa miaka miwili sikula naye, sikumsalimu ila mbele ya mkubwa wetu, wala sikukubali kuketi juu ya kiti ambacho yeye amekigusa. Aliniuliza mara moja, "Kaka, nimekukosea nini?" Nikamjibu kwamba yeye mwenyewe ajua.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana ndipo ulipo udanganyifu wa ugonjwa huu. Maumivu haya huja mara chache. Wengi wayapatao huumwa chini ya mara tano kwa mwaka, kisha huondoka yenyewe bila dawa yo yote. Kwa hiyo kila dawa huonekana imeponya. Mwuza dawa aliniponya miezi miwili, mganga miezi minne, na kama ningalitia chumvi katika viatu vyangu, chumvi nayo ingaliniponya. Yajapo maradhi yenye kwenda na kurudi, usiihesabu siku ya kupona kwako kuwa ushahidi.

Aliyeniokoa ni mke wangu. Usiku mmoja mwaka 2011 alinikuta sakafuni nimekunja magoti mpaka kifuani. Nilipopata pumzi nalimwambia yote. Akanyamaza, kisha akasema, "Baba watoto, mbuzi wa tatu haendi. Kesho twaenda Musoma kwa daktari." Nami nikaona aibu kwa jambo jingine. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001 kwa ajili yetu sisi watumishi wa serikali, ulikuwa ukipokea sehemu ya mshahara wangu kila mwezi. Kadi yake ilikaa mfukoni mwangu ikichakaa, huku mbuzi wakitembea kwenda kwa mganga.

Daktari aliniuliza maswali mengi. Maumivu hudumu muda gani? Huja saa ngapi? Je, kuna damu? Kuna usaha? Umekonda? Haja yako imebadilika? Kisha alinipima kwa kidole chenye glavu, akatazama ndani kwa chombo chake, akaagiza choo kipimwe. Nanyi mwajua jinsi nilivyoiogopa saa ile kwa miaka miwili. Haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Akaniambia: "Sioni kidonda, wala bawasiri, wala jipu, wala uvimbe. Maumivu yako ni ya kweli, si ya kuwaziwa tu, lakini hayatakuua."

Akanieleza. Mwisho wa utumbo umezungukwa na misuli yenye kufunga na kufungua. Kama vile shavu la mguu liwezavyo kukaza ghafula usiku hata mtu akapiga kelele, ndivyo misuli hiyo iwezavyo kukaza. Ikilegea, maumivu yamekwisha, wala hakuna alama inayobaki. Kwa nini hukaza, matabibu hawajapata sababu moja iliyo dhahiri, ila imeonekana kwamba wasiwasi na mashaka ya moyo huyaandama. Mwaka 1935 tabibu mmoja wa Denmark, Thaysen, aliandika habari zake na kuupa ugonjwa huu jina la proktalgia fugaksi, jina lililochanganya Kiyunani na Kilatini, maana yake maumivu ya tupu ya nyuma yenye kukimbia. Hesabu zilizofanywa katika nchi za ng'ambo zimetaja watu kati ya 4 na 18 katika kila 100, na walio wengi hawamwendei daktari. Basi katika mkutano huu wa leo huenda siko peke yangu, ingawa hakuna atakayeinua mkono.

Nilitoka pale nikiwa mwepesi kama mtoto. Lakini nilipopanda gari la kurudi Bunda, wepesi ule ukaniondoka. Kama hakuna mwiba, basi hakuna mchawi. Na kama hakuna mchawi, nimemtenda nini mwenzangu?

Kesho yake, saa ya kufunga kazi, nalifunga mlango, nikamwambia: "Ndugu yangu, nimekukosea miaka miwili." Nikamweleza yote, usiku ule, mbuzi, kiti, daktari. Kwanza alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanyamaza kwa kitambo kirefu. Akasema, "Mimi naona damu katika choo changu. Sasa ni mwezi wa nane. Lakini kwa kuwa siumwi, nalisema ni bawasiri tu."

Mabibi na Mabwana, neno hili ndilo lililonileta hapa. Mimi niliyelia sakafuni sikuwa na hatari. Yeye asiyeumwa hata kidogo ndiye aliyekuwa nayo. Tulikwenda naye hospitali juma lile lile. Ilikutwa saratani katika utumbo, akapelekwa Mwanza, hospitali ya Bugando, akapasuliwa. Aliishi miaka minne mingine, akamsomesha mtoto wake wa mwisho, na mwaka 2015 tulimzika kwao Butiama. Daktari alituambia kwamba uvimbe wa namna ile ukionwa mapema, tumaini la kupona huwa kubwa zaidi sana. Miezi minane tulikaa chumba kimoja, meza kwa meza. Kama tungalikuwa twasemezana, labda angaliniambia mwezi wa kwanza. Nalitia udongo katika kaburi lake nikiwaza hayo, na hata leo nayawaza.

Sasa niseme yafaayo kwa matumizi.

Kwanza, maumivu yajapo ghafula, usitapetape. Keti katika beseni la maji ya uvuguvugu, au kunja magoti kifuani, uvute pumzi polepole mpaka misuli ilegee. Wengine hupata nafuu kwa kutembea au kutoa upepo. Kidonge ukimeza, mara nyingi maumivu hukimbia kabla kidonge hakijafika katika damu. Kwa wale ambao maumivu yao hukawia, ziko dawa za daktari. Mwaka 1996 matabibu wa Ujerumani walitoa habari ya majaribio yao, kwamba dawa ya kuvuta ya wagonjwa wa pumu, salbutamoli, ilifupisha maumivu yaliyodumu sana. Lakini dawa hiyo ni ya kupewa na daktari, si ya kuazima kwa jirani.

Pili, tengeneza haja yako iwe laini. Kunywa maji, kula mboga, maharage, ugali wa mtama na wa ulezi, wala usijikamue chooni. Haya hayana ahadi ya kuzuia misuli kukaza, ila hukuepusha na bawasiri na mipasuko, ambayo ni maumivu ya namna nyingine.

Tatu, usitie kitu cho chote mahali hapo, mizizi, majani wala unga wa mganga. Ngozi ya ndani ni nyembamba, hupata vidonda upesi.

Nne, na hili mlishike kuliko yote: usijitajie ugonjwa mwenyewe kwa kuwa umesikia maneno yangu. Mkutano wa matabibu ulioweka kanuni zake mwaka 2016 ulisema kwamba maumivu haya hayapiti dakika 30, na kati ya siku moja na nyingine mgonjwa haumwi kabisa. Yakizidi hapo, ni jambo jingine. Ukiona damu, usaha, homa, uvimbe, kukonda, haja iliyobadilika kwa majuma, au maumivu yasiyoondoka, nenda hospitali bila kungoja. Sisi tukaao kando ya Ziwa la Victoria tuna kichocho cha matumbo pia, nacho huweza kutoa damu chooni, na dawa yake, prazikwanteli, yajulikana na ni ya kumeza. Lakini damu haisemi imetoka kwa kichocho au kwa saratani. Kipimo ndicho kisemacho.

Tano, mkipata maradhi msiyoyafahamu, msimtafute mtu wa kumlaumu. Mtafuteni mtu wa kumwambia.

Mimi bado naumwa, mara mbili au tatu kwa mwaka. Mke wangu huamka, hupasha maji, nami hungoja. Sina hofu tena, na hofu ilipoondoka niliona kwamba nusu ya mzigo ilikuwa hiyo.

Bwana Mwenyekiti, wale wanaotaka kuniuliza neno kwa siri, nitakuwa nje chini ya mti mpaka gari la Bunda litakapoondoka.