Baada ya Matofali, Tusomeshe Mtu
Maneno ya Mweka Hazina katika mkutano mkuu wa mwaka

Ndugu wana-Tabora,

Kila mwaka mnachangia saruji, mabati na vitanda, na stakabadhi ninazo. Leo kamati inaomba kitu kisichowekewa jiwe la msingi: ada ya kijana wetu mmoja akasome shahada ya uzamili ya afya ya umma pale Muhimbili, ajikite kwenye tabia za watu na uhamasishaji wa afya.

Wengine mmeniuliza, “Tumlipie mtu akajifunze kuongea?” Ndiyo, na kusikiliza. Chandarua kikiishia kuzungushiwa bustani ya mchicha, fedha imekwenda na malaria imebaki. Choo kikigeuzwa stoo ya magunia, kwenye vitabu vyangu ni mali, kwenye afya ni sifuri. Mama akichelewa kliniki, huenda tatizo ni nauli, au maneno aliyojibiwa safari iliyopita. Fani hii inafundisha kuuliza sababu kwanza, kupanga na wanakijiji hatua wanayoiweza, kisha kupima kama imesaidia.

Wazee mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Nchi nzima watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kwa wiki 12, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana. Baada ya hapo wakachimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao. Walifanya hivyo kwa sababu walikuwa wamekubaliana wenyewe.

Nasi ni watu wa njiani. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita kwetu. Mwaka 1876 daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi kipindupindu kilivyofuata njia za biashara za Afrika Mashariki. Leo kuna mabasi, malori na treni, na ugonjwa haukati tiketi. Ni lazima tuwe na mtu wetu wa kuzungumza na watu mapema.

Hofu nyingine ni kwamba akisoma hatarudi. Kamati inapendekeza haya:

1. Ada ilipwe chuoni moja kwa moja, kila muhula, baada ya kuona matokeo.
2. Utafiti wake aufanye vijijini kwetu.
3. Asaini mkataba, pamoja na mdhamini, wa kufanya kazi nyumbani miaka miwili.
4. Apatikane kwa usaili, na asiwe mtoto wa mjumbe wa kamati.

Matumizi yote mtayasoma katika taarifa ya mwakani.

Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba kilo 30 hivi kila mmoja, na mzigo wote ukafika pwani. Fomu za ahadi ziko mezani. Yangu nimeshaijaza, ni ya kwanza kwenye faili.