Kuzuru Majumba ya Picha na Sanamu katika London

Wasikilizaji wetu, jioni ya leo twapenda kuwasimulia habari za safari yetu ya London. Si habari za magari na maduka yake, maana hizo mmekwisha kuzisikia mara nyingi, bali za majumba mawili makubwa zilimowekwa kazi za mafundi wa kale.

Jumba la kwanza huitwa National Gallery, nalo laelekea uwanja wa Trafalgar. Lilianzishwa mwaka 1824 kwa picha 38 tu zilizonunuliwa na serikali. Sasa zimepita 2,300. Kuingia ni bure. Nasi kwa ugeni wetu, siku ya kwanza tulitaka kuziona zote. Tukapita chumba baada ya chumba kwa haraka, kama watu waliochelewa gari la moshi, hata miguu ikatuuma. Usiku tukaulizana, “Je, tumeona nini?” Hapakuwa na mtu aliyeweza kueleza hata picha moja sawasawa.

Kesho yake tukarudi, tukakaa nusu saa nzima mbele ya picha moja iliyochorwa na Jan van Eyck mwaka 1434. Si kubwa, urefu wake haupati yadi moja. Yaonyesha mwanamume na mwanamke wamesimama chumbani, wameshikana mikono, na mbwa mdogo yupo miguuni pao. Ukutani nyuma yao pana kioo cha mviringo. Ukikitazama sana waona migongo ya wale wawili, tena waona watu wengine wawili mlangoni, ambao penginepo pote katika picha hawaonekani. Ni kana kwamba wamesimama pale pale tuliposimama sisi. Na siku ya kwanza tuliipita picha hii bila kukiona kioo!

Siku ya tatu tulikwenda British Museum, jumba lililofunguliwa kwa watu wote mwaka 1759. Tukashuka vyumba vya chini, vilimo vitu vya Afrika, tukakuta mabamba ya shaba yamepangwa safu kwa safu. Katika mabamba hayo mna sura za wafalme, na askari wenye ngao, na Wareno wenye ndevu ndefu. Yalifanyizwa Benin, mji ulio katika Nigeria ya sasa, katika karne ya 16 na ya 17, yakapamba nguzo za jumba la mfalme wao, aitwaye Oba. Fundi alifanyiza kwanza umbo la nta, akalifunika kwa udongo, akalitia motoni. Nta ikayeyuka ikatoka, naye akamimina shaba mahali pake. Kisha udongo ukavunjwa. Kwa hiyo hakuna bamba lililo sawa kabisa na jingine. Wazungu walipoyaona mara ya kwanza, wako waliokataa kuamini kwamba mafundi wake ni Waafrika.

Huenda mtauliza, yalifikaje London? Mwezi wa Februari 1897 askari wa Kiingereza waliuteka mji wa Benin, wakachukua vitu kwa maelfu, na mji ukaungua. Oba Ovonramwen akahamishiwa Calabar, akafa huko mwaka 1914. Mabamba mengi yaliuzwa, yakatawanyika katika miji ya Ulaya na Marekani.

Hatuwafichi, wasikilizaji: tulisimama pale tukiwa na furaha na uchungu pamoja. Mwaka 2022 jumba jingine la London, liitwalo Horniman, liliwapa Wanigeria milki ya vitu 72 vya Benin. British Museum husema kwamba sheria ya mwaka 1963 hulizuia kutoa mali yake. Lakini sheria hutungwa na watu, na watu wakitaka huibadili. Hivyo ndivyo tuonavyo sisi.

Safari hii hatukukimbia. Tulikuwa tungali tukihesabu mistari ya shanga shingoni mwa mfalme mmoja, walinzi wakaja kutuambia kwamba saa ya kufunga imewadia.