Mwelekezaji wa familia yenye mgonjwa wa demensia

Mzee anapouliza swali lile lile mara tano, au anapopotea njia aliyoipita miaka nenda miaka rudi, jamaa husema ni utu uzima. Madaktari huiita hali hiyo demensia: kumbukumbu na fahamu hudhoofika kwa sababu seli za ubongo zinaharibika, na ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikubwa kuliko vyote. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Mzigo wa anayemtunza, hata hivyo, hauishii chumbani kwa mgonjwa. Nchini Marekani binti au mkamwana hulazimika kuzunguka kutoka kwa daktari hadi duka la dawa, kisha ofisi ya bima, na kila mlango aanze maelezo upya. Kwa ajili ya kadhia hiyo, tarehe 1 Julai mwaka 2024 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa majaribio wa miaka minane uitwao GUIDE, chini ya bima ya afya ya wazee, Medicare.

Kiini cha mpango ni mtu mmoja, mwelekezaji, ambaye kila familia hupangiwa wake. Huyu huiunganisha familia na huduma za karibu, kama vile usafiri na chakula kinacholetwa nyumbani. Mtunzaji naye hupewa mafunzo: afanyeje mgonjwa akikataa kuoga, au akitangatanga usiku. Ipo pia simu inayojibiwa usiku na mchana. Kwa mgonjwa aliyefikia kiwango cha kati au kikali, mpango huweza kulipia mapumziko ya mtunzaji, hadi dola 2,500 hivi kwa mwaka. Si nyingi; zikigawanywa kwa majuma 52 hazifiki dola 50 kwa juma.

Mlango wenyewe ni mwembamba. Mwenye Medicare ya kawaida, Sehemu A na B, ndiye anayeingia. Aliyejiunga na mipango ya kampuni binafsi ya Medicare Advantage haingii, wala anayeishi moja kwa moja katika nyumba ya wauguzi. Bibi aliyewafuata wanawe ugenini, ambaye yeye wala mumewe hawakufanya kazi huko, hata akiwa na kadi ya kijani na umri wa miaka 65, hungoja miaka mitano mfululizo ndipo aruhusiwe kujinunulia Medicare. Maradhi hayangoji.

Jingine ni lugha. Katika kupima kumbukumbu, mzee huulizwa tarehe ya leo, hutajiwa maneno kisha hutakiwa kuyakumbuka. Mjukuu wa miaka 12 akifanywa mkalimani, kwa huruma atamnong'oneza bibi jibu, na kipimo kitaharibika. Sheria ya afya ya mwaka 2010 huzitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kutoa mkalimani bila malipo. Nayo familia haina budi kuitaja lugha halisi ya mzee: mgonjwa huweza kupoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani, na kwa mzee wa Fizi lugha ya utotoni huenda ni Kibembe, si Kiswahili.

Anayetaka kuanza na amwulize daktari wa mzee mambo mawili: je, kliniki ipi ya karibu imo katika GUIDE, na je, mkalimani amekwisha kuwekwa kwa siku ya kipimo? Daktari asipojua habari za mpango, simu ya Medicare yenyewe ni 1-800-633-4227, na hapo pia mpigaji anaweza kuomba mkalimani.