Mtoto Akichelewa Kukaa, Asisubiriwe

(Hotuba kwa wazazi na walezi katika siku ya kliniki ya watoto)



Kliniki ya watoto hujaa mpaka chanjo ya surua ya miezi 9. Baada ya hapo kina mama wengi hawaonekani, na ile ya miezi 18 husahaulika. Kinachopotea si chanjo peke yake. Katikati ya miezi hiyo ndipo mtoto husimama na kuanza kutembea, na ndipo aliyechelewa angegunduliwa.

Watoto hawalingani. Yuko anayetembea na miezi 10, yuko wa miezi 16, na wote ni wazima. Lakini asiyekaza shingo akiwa na miezi 4, asiyekaa mwenyewe akitimiza miezi 9, au asiyetembea akifika miezi 18, apelekwe akaangaliwe. Ziko dalili zinazowapotosha hata nyanya waliolea wengi. Mtoto wa miezi 7 anayeshika kila kitu kwa mkono wa kushoto husemwa amemfuata babu yake. Kwa kawaida, kabla ya mwaka mmoja mtoto hutumia mikono yote miwili. Huenda ule anaouacha ni dhaifu. Vilevile yule ambaye miguu yake hukaza na kupishana kama mkasi anapobadilishwa nepi.

Mara nyingi chanzo ni mtindio wa ubongo. Ubongo huweza kudhurika mimba ikiwa bado changa, mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au baadaye kwa manjano kali au homa ya uti wa mgongo. Si laana, na mama asilaumiwe. Tiba ya viungo haiondoi madhara hayo ya ubongo. Anayeahidi hivyo anatafuta pesa. Kazi yake ni kuzuia misuli isikakamae na nyonga isitoke mahali pake, ili mtoto aweze kukaa, kushika kikombe, kula bila kupaliwa na kwenda shule.

Mtaalamu humwona mtoto kwa muda mfupi tu. Saa zilizobaki ni za nyumbani, za baba pia. Na mengi si mageni. Kina mama Wakipsigis walikuwa wakichimba shimo dogo, wakimketisha mtoto ndani na kumzungushia blanketi ili ajifunze kukaa. Beseni lenye leso zilizokunjwa hufanya kazi hiyohiyo. Kumbeba mgongoni, miguu ikiwa imepanuliwa, husaidia mapaja yaliyokaza. Akiwa macho alazwe kifudifudi, leso iliyoviringishwa ikiwa chini ya kifua, na kitu anachokipenda kiwekwe mbele yake. Asivutwe miguu kwa nguvu. Asilishwe akiwa amelala chali, maana chakula huweza kuingia mapafuni. Vile viti vya magurudumu vya watoto havifundishi kutembea, vinaangusha.

Anayeshuku lolote aanzie zahanati iliyo karibu, aombe rufaa ya tiba ya viungo. Siku ya kwanza aje na Kijitabu cha Mama na Mtoto, leso mbili, chakula ambacho mtoto hula, na yule anayeshinda naye mchana kutwa, hata akiwa ni yaya, kwa sababu yeye ndiye atakayefundishwa.