Moto Ukivuka Mpaka wa Shamba

Msikilizaji, moto wa kichaka ukivuka mpaka na kuteketeza mikorosho yako, usisafishe shamba kabla ya kukusanya ushahidi. Piga picha, hesabu miti iliyoungua, andika majina ya mashahidi, kisha toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na polisi. Usiondoke kituoni bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi.

Je, huna fedha za wakili? Tanzania Bara, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawawezesha wasio na uwezo kuhudumiwa bure. Msaidizi wa kisheria atakushauri na kukusaidia kuandaa nyaraka. Kukuwakilisha mahakamani ni kazi ya wakili.

Usisaini makubaliano ya fidia usiyoyaelewa. Na uwahi, maana madai yana ukomo wake kisheria.