Nuru Huingia Machoni



Katika ushirika wetu kulikuwa na mzee wa kanisa aliyependa sana kusoma Neno mbele ya watu. Kisha akaacha. Akiitwa, alimpa kijana kitabu na kusema, "Someni ninyi, wajukuu wangu, sisi tumesoma vya kutosha." Nasi tukanong'ona kwamba amepoa. Wengine walisema ana kinyongo kwa sababu ya hesabu za harambee. Hakuna aliyemwuliza.

Tumwache hapo kidogo. Katika lugha yetu twasema mtu ametupa jicho, kana kwamba kuna kitu kitokacho machoni kwenda kukishika kile anachokitazama. Tusiucheke usemi huo. Euclid, yule Myunani bingwa wa hesabu, alifundisha vivyo hivyo: jicho hutoa miali, nayo ikigusa kitu, mtu huona. Fundisho hilo lilidumu zaidi ya miaka elfu moja.

Aliyelipindua ni Mwislamu mmoja, Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra katika nchi ya Iraki mnamo mwaka wa 965, akafanya kazi yake kubwa huko Kairo. Aliuliza swali ambalo hata mtoto angeweza kuuliza: kama jicho ndilo litoalo, mbona tukilitazama jua twaumia? Akapanga taa kadhaa nje ya chumba chenye giza, ukutani pakiwa na tundu dogo. Kila taa ilitia doa lake la nuru ndani, na taa moja ikizibwa, doa lake peke yake lilitoweka. Basi nuru husafiri kwa mstari ulionyoka, kutoka kwenye kitu hadi kwetu. Sisi tuliolala chini ya mabati yenye matundu ya misumari tuliyaona madoa hayo tangu utotoni, wala hatukuuliza kitu!

Lakini nuru huweza kupinda njiani. Jaribuni leo nyumbani. Tieni shilingi ndani ya sufuria, mrudi nyuma mpaka ukingo uifiche. Mmoja amimine maji polepole, bila kuisogeza shilingi. Itatokea tena, ingawa hamkuondoka mahali penu. Nuru huenda polepole zaidi ndani ya maji kuliko hewani, na inapotoka majini kwa mshazari hubadili njia. Kioo nacho huipinda, na kioo kilicho kinene katikati huikusanya pamoja.

Mafundi wa Italia walilitumia jambo hilo wakatengeneza miwani kabla ya mwaka wa 1300. Mwaka wa 1306 mhubiri mmoja wa Florence, Giordano da Pisa, aliisifu miwani katika mahubiri yake, akisema kwamba ufundi huo haujatimiza miaka ishirini. Hata hivyo watu waliivaa miaka mia tatu bila kujua sababu ya kuwafaa. Johannes Kepler, Mjerumani aliyekuwa amesomea theolojia akitaka kuwa mchungaji, ndiye aliyeeleza mwaka wa 1604 kwamba nuru hupindwa ndani ya jicho na kuchora picha kwenye utando wa nyuma, tena picha hiyo imesimama kichwa chini. Newton na rangi zake za upinde wa mvua tutamwacha kwa siku nyingine.

Basi mtu akipita miaka arobaini hivi, ile lenzi ya ndani ya jicho huanza kukakamaa. Huona mlima wa mbali vizuri, lakini herufi za karibu humkimbia.

Mke wa mchungaji ndiye aliyemwona mzee wetu akishika kitabu cha nyimbo mbali, mkono umenyooka kabisa. Akamwuliza. Kumbe mzee aliamini kwamba nguvu za macho yake zimekwisha kutumika, na kwamba miwani ingeyala machache yaliyobaki. Ilikuwa kazi kumweleza kwamba miwani haili macho, bali huipinda nuru kidogo kabla haijaingia.

Jumapili aliyoitwa tena, aliitoa miwani mfukoni, akaipangusa kwa leso, akasoma sura nzima. Alikuwa ameombwa asome mistari mitano tu. Hakuna aliyemzuia.